Skleroderma: kovu lisilojua kukoma

Skleroderma ni ugonjwa gani?

Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hujigeuzia mwenyewe, mishipa midogo ya damu ikaumia, kisha ngozi ikaanza kukakamaa. Wanawake huupata zaidi kuliko wanaume, na hauambukizi. Mara nyingi huanzia vidoleni. Mama anafua asubuhi kwa maji baridi, vidole vinakufa ganzi, ncha zinapauka na baadaye kuuma damu inaporudi. Kwa mtu mweusi weupe huo hauonekani haraka, kwa hiyo tazama kwenye kucha na upande wa kiganja. Baadaye ngozi inavimba, inabana na kung'aa, hata ukitaka kuifinya juu ya kidole haishikiki. Kumega ugali au kutia uzi kwenye sindano kunakuwa kazi. Wengine hutokwa na madoa meupe yenye vitone vyeusi kuzunguka vinyweleo, na wapo wanaodhaniwa wana ukoma au wamerogwa. Inaniuma kila nikisikia hivyo, maana muda unaopotea hapo ndio mapafu yanaoutumia kujaa makovu.

Kovu linatoka wapi wakati hakuna kidonda?

Ukijikata kisu, seli ziitwazo faibroblasti hukimbilia pale na kumwaga kolajeni, nyuzi za kuunga nyama. Kazi ikiisha, hutulia. Kwenye skleroderma hazitulii. Mwaka 1974 daktari wa Marekani, Carwile LeRoy, alichukua faibroblasti za ngozi ya wagonjwa akazikuza maabara, mbali kabisa na mwili uliozichokoza. Bado zilitengeneza kolajeni nyingi kupita za watu wazima wa afya. Kwa maneno mengine, zilikuwa zinakumbuka.

Kumbukumbu hiyo imekaa wapi? Jeni zimeharibika?

Aliyepita madrasa ataelewa upesi. Herufi ni zile zile, lakini fataha au kasra ndiyo inayokwambia uisome vipi, na ukiiwekea sukuni haina irabu tena. Jeni nazo zina alama zake. Herufi za DNA hazibadiliki, ila kemikali ndogo iitwayo methili ikibandikwa mahali fulani, jeni hunyamaza. Elimu ya alama hizi ndiyo epijenetiki.

Mfano mzuri ni jeni ya FLI1, ambayo kazi yake mojawapo ni kuzuia kolajeni isizidi. Mwaka 2006 watafiti wa Toledo, Marekani, walikuta kwenye faibroblasti za wagonjwa jeni hiyo imebandikwa methili na kunyamazishwa. Breki imeondoka, kolajeni inamwagika. Walipozitia seli hizo dawa za kufuta alama, kolajeni ilipungua. Seli inapogawanyika, binti zake hurithi alama zile zile, ndiyo maana kovu huendelea hata kilichoanzisha kikishapita.

Basi nitamrithisha mwanangu?

Uwezekano ni mdogo. Utafiti wa Pittsburgh, Marekani, uliotoka 2003 ulifuatilia jozi 42 za mapacha. Jozi ambazo wote wawili waliugua hazikufika 5 katika kila 100, na wanaofanana kabisa hawakuwazidi wasiofanana. Kama jeni peke yake ndiyo ingeamua, isingekuwa hivyo.

Kuna vitu vinavyouchochea?

Vumbi la silika ni mojawapo. Mwaka 1957 daktari Erasmus aliandika kuhusu skleroderma kwa wachimba dhahabu wa Witwatersrand, Afrika Kusini. Anayeponda kokoto au kutoboa mwamba amwagie maji jiwe kwanza na avae barakoa inayozuia vumbi, kitambaa hakitoshi. Lakini wagonjwa wengi hawajawahi kukaribia mgodi.

Kuna dawa ya kufuta hizo alama?

Kwa skleroderma, hospitalini bado. Dawa za kufuta methili zipo na hutumika kwa baadhi ya saratani za damu, lakini zinafuta mwilini kote, hata kwenye jeni zinazotakiwa zinyamaze. Kwa hiyo anayekuuzia mizizi au vidonge vya “kusafisha jeni” anakudanganya. Zilizopo ni za kupunguza kasi: nifedipini kwa vidole vinavyopauka, maikofenoleti kwa ngozi na mapafu, na nintedanibu, iliyoidhinishwa Marekani 2019 kwa makovu ya mapafu ya ugonjwa huu. Zinafaa zaidi zikiwahiwa, kabla pafu halijakakamaa.

Ninao tayari. Nichunge nini nyumbani?

Vaa glavu, usivute sigara. Kikohozi kikavu au kuhema kwa kupanda ngazi chache, mweleze daktari. Ukiandikiwa prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, mkumbushe una skleroderma, kwa sababu dozi kubwa inaweza kuhatarisha figo. Na pima presha mara kwa mara. Ikipanda ghafla, hasa kichwa kikiuma au macho yakiona ukungu, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.