Mistari elekezi na kukropu: namna ya kulishika jicho la mtazamaji

Mstari elekezi ni chochote ndani ya picha kinacholivuta jicho kutoka pembeni hadi kwenye kile unachotaka kionekane: reli, ukingo wa lami, mfereji unaopita kihambani (shamba la nyumbani), hata kivuli cha nguzo ya umeme. Kukropu ni kukata kingo za picha iliyokwisha kupigwa. Mara nyingi hufundishwa kama mambo mawili, ila kwangu ni kazi moja: mstari huliongoza jicho, na kukropu huamua mstari huo uanzie wapi na uishie wapi.

Chukua picha ambayo wengi Moshi wanayo kwenye simu: barabara ya mjini inayoelekea kaskazini, asubuhi, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko wazi. Uliposimama pale mlima ulijaa mbele yako. Pichani umekuwa kichuguu, kwa sababu lenzi ya simu ni pana. Kushoto kuna bango, kulia nusu ya bodaboda, juu anga tupu. Kabla ya kukata, fuata ukingo wa kushoto wa lami kwa kidole. Jicho linapanda nao vizuri, halafu linachepukia kwenye maandishi ya bango na mlimani halifiki. Basi kata kushoto hadi bango litoke na ukingo uanzie karibu na kona ya chini. Toa bodaboda, punguza anga. Hujaongeza kitu, lakini sasa jicho linaingia konani na kutua Kibo.

Kuna gharama. Picha ya pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 4000 kwa 3000, ukibakiza nusu ya upana na nusu ya kimo, inabaki 2000 kwa 1500, yaani robo tu ya pikseli. Kwa WhatsApp au kusafisha (kuchapa) picha ya inchi 6 kwa 4 inatosha. Kwa bango kubwa la harusi, hapana.

Kisichowezekana baadaye ni kuuhamisha mstari. Kama reli haielekei kwa mtu unayempiga, hakuna programu ya kukropu itakayoipinda. Sogea hatua mbili, chuchumaa, shusha simu usawa wa goti. Mstari wa ardhini utaanzia karibu zaidi na lenzi na kuonekana una nguvu. Na reli ipige ukiwa jukwaani, usisimame katikati yake.

Ukilazimika kumkata mtu, epuka kiungo: si gotini wala kiwikoni, bali katikati ya paja, au kati ya bega na kiwiko. Na kropu kwenye nakala, picha ya awali ibaki nzima.