Kibla si kaskazini

"Mpimaji, mbona unachelewa? Si uwashe dira tu, kibla ni kaskazini!" Mimi hupimia misikiti kibla, yaani upande wa Makka ambao Waislamu huuelekea wakiswali; wakiniambia hivyo bara, ndipo nachoka kabisa.

Watu wa pwani nawasamehe. Makka iko longitudo 39.8 mashariki, Mombasa 39.7, Dar es Salaam 39.3. Ukiwa Dar, elekea kaskazini ya kweli, si ile ya sumaku, ongeza kama nyuzi 1 kulia, kazi imekwisha. Ndiyo maana wazee walitumia neno kibla kwa maana ya kaskazini, na suheli kwa kusini. Kwao lilitosha.

Sasa beba mazoea hayo uende nayo Kigoma, longitudo 29.6. Kibla pale imeachana na kaskazini kwa nyuzi zipatazo 20 kuelekea mashariki. Ukishika kaskazini tupu mpaka ufikie latitudo ya Makka, utajikuta jangwani Sudan, na Makka iko zaidi ya kilomita 1,000 kulia kwako. Halafu mtu ananiambia "tofauti ndogo hiyo, fundi atarekebisha kwenye mihrabu". Atarekebisha nini kwenye kidaka hicho cha imamu? Safu zote zinafuata ukuta!

Waliohamia New York wana lao: wanatazama ramani ya ukutani, wanaelekea kusini-mashariki. Njia fupi huanza kaskazini-mashariki, nyuzi 58. Vuteni uzi juu ya tufe, mimi sibishani.

Dira ya simu karibu na nondo? Hapana, chuma huipotosha.

Ila kuna jambo linalonisumbua. Pwani yetu ni ya Kishafi, na kauli yenye nguvu katika madhehebu hayo ni kuielekea Kaaba yenyewe hata ukiwa mbali. Kutoka Dar, kosa la nyuzi 1 tu linakupeleka zaidi ya kilomita 50 pembeni ya Makka. Hakuna fundi wala chombo changu kitakachonyoosha ukuta hadi uilenge nyumba yenye upana wa mita kumi na kitu. Kwa hiyo nikiandika "kibla sahihi" kwenye mchoro, sahihi kwa kiasi gani? Masheikh niliowauliza hawajanipa jibu moja. Nyuzi 2 zinanitia wasiwasi. 20 hazina mjadala.

Asiyeniamini asimamishe kijiti wima tarehe 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana kwa saa zetu, jua likiwa juu ya Kaaba. Mstari kutoka ncha ya kivuli kwenda kwenye kijiti ndiyo kibla. Mwezi Mei ukipita, kuna tarehe 16 Julai, saa 6 na dakika 27.