Nauza bomba la sindano bila kudai cheti cha daktari

Mwaka wangu wa kwanza kwenye famasi, hapa Kisenyi, Kampala, kijana mmoja alikuja kuomba bomba la mili moja. Noti yake ya elfu moja ilikuwa imeloa jasho. Nikamuuliza, "Cheti kiko wapi, mdogo wangu?" Hakujibu. Aliikunja noti, akatoka. Siku ile niliona nimelinda kazi yangu. Leo najua nilimrudisha kwenye sindano ya mwenzake.

Anayejidunga unga wa kulevya haachi kwa kunyimwa bomba. Ataokota lililotumika. Na mama aliyetumwa na kituo cha afya kwa sababu mabomba yamekwisha hatumdai cheti, wala mgonjwa wa kisukari. Tunakikumbuka anapoingia mtu mwenye nguo chafu. Hilo linaniuma sana.

Chukua bomba la mili mbili, ujaze maji, usukume mpaka mwisho. Litazame kwenye mwanga: tone limebaki shingoni, pale sindano inapochomekwa. Damu nayo hubaki hapohapo, na kusuuza kwa maji hakuimalizi. Maabara zimekuta virusi vya homa ya ini C vikiwa hai ndani ya bomba la aina hiyo hata baada ya siku 63. Vya Ukimwi navyo vimekutwa hai ndani ya mabomba hadi siku 42. Bomba la insulini ambalo sindano yake haichomoki halina shingo hiyo, kwa hiyo damu inayobaki ni kidogo mno. Kuchangia bomba bado ni hatari, lakini nikiwa na la kuchagua, hilo ndilo ninalompa.

Jimbo la Connecticut, Marekani, lilikuwa likidai cheti hadi 1992, liliporuhusu watu kununua mpaka mabomba 10 bila hicho cheti. Miongoni mwa wanaojidunga waliohojiwa, wanaochangia mabomba walishuka kutoka asilimia 52 hadi 31. Hakuna dawa mpya iliyoletwa, ni mlango wa famasi tu uliofunguliwa.

Siku hizi swali langu ni moja: "Yatakutosha mangapi mpaka kesho kutwa?" Akitaka kuacha, namweleza habari za methadoni, dawa ya kumsaidia kuacha unga, inayotolewa hospitali ya Butabika. Chini ya kaunta nina kisanduku cha kadibodi cha kutupia sindano. Akija na zilizotumika nakisogeza karibu, anazitumbukiza mwenyewe moja moja, mimi sizigusi, kisha namhesabia mapya.