Arusha ilipolala, Geita ilikuwa macho: uchumi unapoyumba, kazi ziko wapi?

Mwaka 2020 uchumi wa Tanzania ulikua kwa asilimia 4.8, baada ya asilimia 7.0 mwaka uliotangulia. Msomee takwimu hiyo dereva wa watalii wa Arusha, atakucheka mbele ya macho yako. Kwake yeye mambo yalisimama Aprili 12, siku ndege za abiria za kimataifa zilipopigwa marufuku kwa sababu ya korona. Anga ilifunguliwa Mei 18, lakini wageni hawakuja, kwani na wao walikuwa wamefungiwa makwao.

Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii milioni 1.5. Mwaka uliofuata walikuwa kama 620,000 tu, na hata hao wanatudanganya kidogo: sehemu yao kubwa walikuja kabla ya mambo kuharibika mwezi Machi. Aliyekuwa anategemea msimu wa Juni hadi Septemba hakupoteza nusu tu ya kipato, alipoteza karibu chote.

Tuangalie mnyororo wenyewe. Mgeni mmoja akipanda Kilimanjaro anatembea na mwongozaji, mpishi na wagumu kadhaa wa kubeba mizigo. Nyuma yao kuna fundi wa gereji, dobi wa hoteli, na mama anayetoa karoti na hoho soko la Tengeru kupeleka jikoni kwenye kambi. Wengi wao hawana mkataba. Kwa hiyo hakuna barua ya kupunguzwa kazi na hakuna kiinua mgongo. Simu tu haiiti. Ndiyo maana mdororo wa utalii ni mgumu kuuona kwenye makaratasi ya ajira: kwa kipimo cha kimataifa, aliyefanya kazi ya malipo hata saa moja ndani ya wiki anahesabika ana kazi. Mgumu aliyebeba tofali Jumatatu na kukaa bure hadi Jumapili, kitakwimu yuko kazini.

Wakati huohuo, Geita, mkoa wa dhahabu, hapalaliki. Wenye fedha duniani wakiingiwa na hofu hukimbilia dhahabu, na Agosti 2020 wakia moja ilivuka dola 2,000 kwa mara ya kwanza. Bei hiyo haikuishia kwa migodi mikubwa. Geita ilikuwa na soko la madini tangu Machi 2019, hivyo mchimbaji mdogo aliijua bei ya siku badala ya kubahatisha kwa mnunuzi wa vichochoroni. Bei ikipanda, duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lililoachwa kwa kukosa faida linarudiwa. Karasha, mashine ya kusagia mawe, linasaga usiku kucha, mwaloni wanaosha dhahabu, fundi pampu anaitwa huku na kule, mama lishe anaongeza sufuria. Dhahabu ikaupita utalii kwa kuingizia nchi fedha za kigeni. Nchi ni ile ile na janga ni lile lile.

Sisemi Geita ina nyota ya jaha. Msukosuko wa fedha duniani wa 2008 ulipofika kwetu, uliingia kupitia pamba, na Kanda ya Ziwa, iliko Geita, ndiyo iliyolia: bei ilianguka, wanunuzi wakabaki na marobota waliyonunua ghali. Juni 2009 Serikali ilitangaza mpango wa shilingi trilioni 1.7 wa kunusuru uchumi, na sehemu yake ilikwenda kufidia hasara za wanunuzi wa pamba na kahawa. Udongo ule ule wenye dhahabu ndio unaolimwa pamba. Kwa hiyo usiulize mkoa gani ni imara. Uliza mnunuzi wa mwisho wa jasho lenu ni nani, na safari hii ni nini kimempata.

Kenya ilionyesha jambo hilohilo. Mombasa, Kwale na Kilifi zilifungiwa kutoka na kuingia kuanzia Aprili 8, 2020, Kwale na Kilifi hadi Juni 7, Mombasa hadi Julai 7, na hoteli za Diani zikabaki na walinzi. Kericho na Nandi mvua ilinyesha vizuri, chai ikachumwa kwa wingi kuliko miaka ya nyuma. Watu hawaachi kunywa chai kwa sababu ndege haziruki.

Hata ndani ya utalii wenyewe mambo hayakuwa sawa. Mwishoni mwa 2020 ndege za kukodi kutoka Urusi zilianza kumimina watu Zanzibar, na vijana wa Nungwi wakarudi kazini huku wenzao wa safari za mbugani bado wanafuta vumbi magari.

Basi tuhamie kwenye kazi? Swali hilo tunaulizwa sana, na jibu la haraka la wachumi, kwamba nguvu kazi ifuate fursa, linapendeza zaidi darasani. Dereva mmoja alinijia mwaka ule. Land Cruiser yake, ile ya paa la kuinuka, ilikuwa uani imefunikwa turubai, kuku wanalala chini yake, na marejesho ya mkopo yanaendelea. Alitaka kuiuza aende Geita. Nikamuuliza atamuuzia nani, wakati kila mwenye gari la namna hiyo anauza. Kimya. Nikamuuliza Geita anamjua nani, kwa sababu kwenye maduara huingii kwa wasifu wa kazi, unaingia kwa mtu wa kukudhamini, na siku za mwanzo unakula kwa mfuko wako.

Hakuuza. Gari alilibakiza uani, akamwomba shemeji yake wa Kahama, jirani na mkoa wa Geita, amtafutie mahali pa kulala, akaenda kuendesha lori la kubeba mawe kwenda karasha, kwa mwezi mmoja wa majaribio kwanza. Leseni ilikuwa mkononi tayari. Kilichomchelewesha wiki mbili ni nauli.