Floraidi kwenye maji ya kunywa: maswali yanayoulizwa sana Arusha na Kilimanjaro

Kwa nini watu wengi waliokulia Meru, Arusha na Hai wana meno ya kahawia? Hawapigi mswaki?

Wanapiga, tena wengine kuliko mimi na wewe. Chanzo ni floraidi, madini ya asili yaliyomo kwenye maji. Meru na Kilimanjaro ni milima ya volkano, na miamba yake ina floraidi nyingi. Mvua ikinyesha, maji hupenya ardhini, hukaa na miamba hiyo muda mrefu, kisha hutokea kwenye chemchemi na visima yakiwa yameshaibeba. Hali ni hiyohiyo sehemu nyingi za Bonde la Ufa, kuanzia Ethiopia, kupitia Nakuru na Naivasha, hadi Singida. Hakuna kiwanda cha kulaumu.

Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno ya kudumu bado yanajiunda ndani ya taya, gamba la nje la jino haliivi sawasawa. Jino huota na madoa meupe, baadaye hugeuka kahawia, na hali ikiwa mbaya hutoboka na kumeguka. Hatari kubwa ni kati ya kuzaliwa na umri wa miaka 8 hivi. Mtu mzima akihamia Usa River na meno yake meupe, hayatabadilika.

Kiasi gani ni kingi?

Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4 kwa miaka mingi, kwa sababu vijiji vingi havikuwa na maji mengine, kisha ikashusha kiwango hadi 1.5. Ile 4 ilikuwa ya kukubali shida iliyopo. Haikuwa na maana kwamba ni salama kwa mtoto.

Maji ya kisima chetu ni maangavu na hayana chumvi. Bado nihofie?

Ndiyo. Floraidi haionekani kwa macho wala huisikii mdomoni. Visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kupishana sana, na kuchimba zaidi si dawa, kwani maji ya chini huwa yamekaa na miamba muda mrefu zaidi. Njia pekee ni kupima. Peleka sampuli kwenye maabara ya maji ya mkoa, kwenye chupa safi ya plastiki, maana floraidi huingiliana na kioo.

Nikiyachemsha?

Yanazidi kuwa mabaya. Mchuzi uliozidi chumvi ukiuacha jikoni uendelee kuchemka, chumvi inakolea. Floraidi nayo ni hivyo: maji yanapungua kwa mvuke, yenyewe inabaki. Kuchemsha, klorini na chujio la kawaida la udongo ni kinga dhidi ya kipindupindu na homa ya matumbo, kwa hiyo usiache. Ila kwa floraidi havisaidii.

Basi tufanye nini?

Kwanza tenganisha maji. Floraidi haiingii mwilini kwa kuoga, kufua wala kuosha vyombo, kwa hiyo usihangaike na pipa zima. Tafuta maji salama ya kunywa na kupikia tu, na yakiwa machache, wape watoto kwanza. Familia nyingi hushindwa kwa kudhani lazima kusafisha yote.

Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Bati safi, mfereji na tangi lenye mfuniko vinatosha, mradi mvua ya kwanza iachwe ioshe bati na maji yatibiwe dhidi ya vijidudu.

Pasipo mvua ya kutosha kuna mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto, wilayani Arumeru, kimeufanyia kazi kwa miaka mingi. Mifupa huchomwa kwenye tanuru kwa hewa kidogo, husagwa chengachenga na kujazwa kwenye ndoo au tangi. Maji yakipita, floraidi hunasa humo. Ukichomwa vibaya, maji hunuka na watu hukimbia. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba mkaa huchoka bila kukuonyesha dalili, kwa hiyo maji yaliyochujwa yapimwe mara kwa mara na mkaa ubadilishwe. Usijaribu kuchoma mifupa jikoni kwako.

Magadi yanahusika?

Sana, na hayasemwi vya kutosha. Magadi ya kulainishia maharage na makande yanaweza kuwa na floraidi nyingi, kiasi kwamba mtoto huathirika hata pale maji yanapokuwa na nafuu. Loweka maharage usiku kucha, uachane na magadi.

Mtoto wangu ana matege. Ni floraidi?

Inawezekana, kwani ikiwa nyingi kwa miaka huharibu mifupa na viungo. Lakini matege yana sababu nyingine pia, ikiwemo upungufu wa vitamini D, hivyo mpeleke hospitali mapema apimwe.

Ninyonyeshe, ilhali mimi mwenyewe nakunywa maji haya?

Nyonyesha. Floraidi inayopita kwenye maziwa ya mama ni kidogo mno. Kinachomfikia mtoto ni maziwa ya kopo au uji uliopikwa kwa maji hayo.

Meno yakishaharibika yanarudi?

Hapana, ila daktari wa meno anaweza kuyang'arisha, kuyaziba au kuyafunika. Kuyakwangua kwa mchanga au majivu kunamaliza gamba lililobaki.