Si Majini, Si Masanamu: Yanayosemwa na Yaliyopo Kuhusu Dini ya Jadi ya Wamijikenda

Mtu wa Mombasa akihamia bara kikazi, hapiti wiki kabla ya kuulizwa habari za majini. Ati ni kweli mwayafuga? Ati kuna mwanamke mzuri anayesimamisha magari usiku barabara ya Nyali, dereva akiangalia chini aone kwato? Muulizwa hucheka. Kisha huyohuyo akirudi nyumbani, akiwa juu ya feri ya Likoni, atatazama upande wa Kwale na kusema juu ya Wadigo na Waduruma yaleyale aliyosemwa yeye: "Huko ndiko kwenyewe." Wa bara humsukumia wa Pwani, wa kisiwani humsukumia wa ng'ambo, na wa ng'ambo humtaja mtu wa Pemba.

Basi hayo majini tuyatoe kwanza. Majini ni imani ya Kiislamu. Yametajwa ndani ya Qur'an, na sura ya 72 imepewa jina lao. Mtu wa Mji wa Kale anayefukiza ubani, anayevaa hirizi, au anayekunywa kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani kisha zikaoshwa kwa marashi, hujiona yumo ndani ya dini yake, ijapokuwa wako mashekhe watakaomkemea. Dini ya jadi ya Wamijikenda, yaani makabila tisa ya pwani ya Kenya, wakiwemo Wagiriama, Wadigo, Waduruma na Warabai, ni nyumba nyingine. Ndani yake yumo Mulungu, zimo koma, yaani roho za wazee waliotangulia, na zimo kaya, yaani misitu mitakatifu yenye miji ya kale ya mababu, na viapo vyake. Nyumba hizi mbili zimepakana kwa karne nyingi na zimeazimana vitu, lakini anayeziita zote "mambo ya Pwani" hajaingia hata moja.

"Mganga na mchawi ni mtu yuleyule"

Hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Kwa Mijikenda, mchawi ni adui wa jamii. Anafanya kazi kwa siri, usiku, kwa husuda, na hakuna anayejitangaza kuwa ni mchawi. Mganga anajulikana kwa jina na kwa nyumba, na ana aliyemfundisha. Tena waganga si aina moja. Yuko mganga wa mburuga, ambaye mgonjwa humwendea kujua chanzo cha maradhi: ni koma wamesahauliwa, ni pepo, au ni mkono wa mtu? Huyo huenda asitoe dawa yoyote. Hukuelekeza kwa mwingine. Yuko anayejua miti shamba tu, mizizi na magome, na yuko anayeshughulika na pepo na ngoma zao. Sheria ya Afya ya 2017 inautambua utabibu wa jadi kama sehemu ya huduma za afya Kenya. Muuza dawa za miti shamba si mhalifu wa kujificha.

Na yale mabango kwenye nguzo za umeme je, ya daktari bingwa anayerudisha mpenzi aliyepotea, anayesafisha nyota na kuongeza nguvu za kiume, malipo kwa simu? Hiyo ni biashara, kama biashara nyingine yoyote ya kuuza matumaini kwa mtu aliyekwama. Aliyebandika namba yake ya simu kwenye nguzo hakutumwa na mzee yeyote wa kaya, na kumchukua yeye kuwa mfano wa dini nzima ni kuipima dini ya watu kwa tapeli wake.

Lakini tusipake rangi pia. Yuko mganga wa kuvoyera, ambaye kazi yake ni kumtaja mchawi, na huyu amewahi kuleta balaa. Kidole chake kikimwangukia mtu, mtu huyo huweza kuhamishwa, kupigwa, hata kuuawa. Kaunti ya Kilifi imezika wazee wengi waliouawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kosa lao ni mvi na macho mekundu. Ukichimba kisa kimoja kimoja, mara nyingi unakuta shamba. Mzee anamiliki ardhi isiyogawanywa, watoto au wapwa wamechoka kungoja, na neno "mchawi" linarahisisha kazi. Huko Ganze, mahali panapoitwa Kaya Godoma, pamekuwa kimbilio la wazee waliotoroka makwao kwa tuhuma za namna hiyo. Kwa hivyo wanaosema dini ya jadi ndiyo inayoua wazee wajue kwamba kimbilio lenyewe limebeba jina la kaya.

Sheria nayo imechangia mkanganyiko huu. Sheria ya Uchawi ilitungwa 1925, enzi za ukoloni, na mkoloni hakuwa na haja ya kumtenga mganga na mchawi. Wote aliwatia katika kapu moja la washirikina. Hata hivyo sheria hiyohiyo ina kifungu ambacho watu hawakitaji: kumshutumu mtu kuwa mchawi ni kosa la jinai, isipokuwa shutuma imepelekwa kwa polisi, chifu au mtu mwingine mwenye mamlaka. Wanaopaza sauti matangani wangefaa kukisoma.

"Wanaabudu masanamu"

Wanaosema hivi wameona vigango, mara nyingi kwenye picha. Kigango ni gogo la mti mgumu lililochongwa likawa bapa na refu, lenye kichwa cha duara au umbo linalokaribia hapo, na mwili uliojaa pembetatu ndogondogo zilizokatwa kwa mpangilio. Mengine humzidi mtu mzima kimo. Hakichongewi kila marehemu. Ni haki ya mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wa hadhi, na kuingia humo kuna gharama na karamu zake. Marehemu asiye wa Gohu huwekewa kijiti kifupi kisicho na mapambo mengi.

Hakisimamishwi kaburini siku ya maziko, wala hakifanywi pambo. Mara nyingi inaanza kwa ndoto au ugonjwa: marehemu amemjia mwanawe usingizini akilalamika kwamba anapigwa na baridi, au mambo ya boma hayaendi. Ndipo kigango husimamishwa, hufungwa vitambaa, humwagiwa pombe ya mnazi, na marehemu huambiwa habari za nyumbani: huyu kaoa, yule kazaa, mvua imechelewa. Hakuna anayeuambia mti "wewe ndiwe uliyeniumba". Anayeombwa mvua ni Mulungu. Koma ni watu wa nyumbani waliotangulia, wenye haki ya kukumbukwa na, ikibidi, haki ya kununa.

Kwa kuwa kigango kimewekwa kwa ajili ya mtu fulani mahali fulani, hakitakiwi kung'olewa, hata familia ikihama na kukiacha kioze kwa mchwa. Hilo ndilo lililowafaa wezi. Tangu miaka ya 1970 na 1980 mamia ya vigango yaling'olewa usiku, yakapitia maduka ya vinyago ya pwani hii na kuishia kwenye sebule za matajiri na makumbusho ya Marekani. Watafiti wawili wa Kimarekani, Monica Udvardy na Linda Giles, walivifuatilia hadi wakavipata baadhi kwenye orodha za makumbusho hayo, na mwaka 2007 familia moja ya Kilifi ilirudishiwa viwili vyake. Makumbusho ya Denver nayo iliamua kurudisha 30. Wakati huohuo kuna wahubiri wa hapahapa nyumbani wanaowaambia vijana wavichome moto. Sioni tofauti kubwa kati ya anayekiiba kigango cha babu yako na anayekushawishi ukichome mwenyewe, ila wa kwanza angalau alijua kina thamani.

"Mpaka wamishonari waje, hawakumjua Mungu"

Mmishonari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844, akamzika mkewe na mwanawe mchanga upande wa bara ya kisiwa, na mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann wakafungua misheni Rabai, penye kaya za Warabai. Watu aliowakuta walikuwa na Mulungu, na walikuwa na wazee wa kumwomba mvua kwa niaba ya wote. Walichokosa ni kitabu, jengo na siku ya juma, na kwa mtu wa Ulaya wa wakati ule asiye na hivyo hakuwa na dini.

Hapo watetezi wetu nao huteleza upande wa pili. Husema, "Mungu ni yuleyule, tofauti ni jina." Mwanazuoni John Mbiti, Mkenya, alisisitiza sana kwamba Waafrika walikuwa na Mungu Mkuu tangu zamani. Okot p'Bitek wa Uganda akamjia juu yeye na wenzake: mnawavisha miungu wa Afrika kanzu za Kigiriki ili Wazungu waturidhie. Mimi naegemea kwa Okot. Mulungu wa Kigiriama yuko mbali na mambo ya kila siku. Ugomvi wa mipaka ya shamba au mtoto asiyenyonya hauendi kwake, unakwenda kwa koma. Hakuna siku ya hukumu anayowangojea watu nayo, hakuna orodha ya waumini na makafiri. Kumfanya awe nakala ya Mungu wa msikitini au kanisani ni heshima inayomfuta.

"Kaya ni msitu wa kafara na magenge"

Dhana hii ina mzizi wa kweli, na ndiyo maana haifi. Agosti 1997, kuelekea uchaguzi mkuu, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni na kuanza kuwaua na kuwafukuza watu wa bara. Walikuwa wamelishwa kiapo na kufanya mazoezi msituni Kaya Bombo, Kwale. Tangu hapo, mtu wa Mombasa akisikia "kaya" husikia panga. Lakini vurugu zile zilikuwa na wanasiasa nyuma yake, na kiapo kilikodishwa kama magari yanavyokodishwa siku ya mkutano wa kampeni.

Kaya zenyewe zilikuwa miji iliyozungushiwa boma katikati ya msitu, iliyoanza karne ya 16 na kuhamwa polepole hadi miaka ya 1940. Katikati kulizikwa fingo, kinga ya mji. Watu walipotoka kwenda mashambani, pakabaki makaburi, mahali pa sala, na msitu. Sala yenyewe ina mnyama wa kuchinjwa, na mara nyingi nyama huliwa palepale. Kafara ya mtu ni hadithi za vijiweni. Masharti ndiyo mengi: usikate mti, usiokote hata kuni kavu, usipige picha makaburi. Ukienda Kaya Kinondo, kusini ya Diani, utafungwa kaniki nyeusi na kuambiwa uvue kofia. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza misitu ya kaya, maeneo 10 yaliyotawanyika pwani kwa takriban kilomita 200, katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka uliofuata mila zenyewe zikaingia katika orodha ya zinazohitaji kunusuriwa haraka.

Ambaye aliwahi kweli kutumia silaha kayani ni serikali ya Mwingereza. Agosti 1914 ililipua Kaya Fungo kwa baruti, kwa sababu mwaka mmoja kabla Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyeongoza upinzani, alikuwa amewakusanya Wagiriama hapo wakaapa kutompa Mzungu vibarua wala kodi: wanaume kwa kiapo cha fisi, wanawake kwa mukushekushe. Na kwa wale wanaosema dini ya jadi haina nafasi ya mwanamke, wajiulize mjane huyu aliwezaje kuzunguka vijiji akicheza ngoma ya kifudu na kuapisha kabila zima. Baraza la kaya ni la wanaume, sikatai. Lakini wanawake wana chama chao na kiapo chao, na wazee hawathubutu kukigusa.

"Siku hizi hayapo tena"

Sensa ya 2019 ilihesabu wafuasi wa dini za jadi kuwa asilimia 0.7 tu ya Wakenya. Ukiishia hapo utasema imekwisha. Lakini fomu ya sensa ina kisanduku kimoja kwa mtu mmoja, na watu wa pwani hii hawajawahi kukaa kisanduku kimoja. Huko Kaloleni, miaka ya 1960, watafiti waliwakuta Wagiriama walioitwa Mahaji: mtu ameugua, mganga kamwambia ana pepo Muislamu, na tiba yake ni kuacha mnazi na nguruwe na kufuata miiko ya Kiislamu. Maradhi ya jadi, dawa ya kusilimu. Hapa mjini Mombasa kwenyewe, kwenye mnara wa kale wa Mbaraki, watu wamekuwa wakipeleka ubani na marashi vizazi na vizazi, na wapelekao hawatoki mbali.

Limebaki moja, ambalo hata wapenda mila wanaliamini: kwamba kaya haihitaji mlinzi, laana yatosha. Ingekuwa hivyo, kisiwa cha Chale, ambacho ni kaya ya Wadigo, kisingejengwa hoteli miaka ya 1990. Mwenye hatimiliki kutoka mbali haiogopi laana asiyoijua, na kijana wa hapo aliyeambiwa kwamba koma ni mashetani haiogopi tena. Ndiyo sababu tangu 1992 kaya zimekuwa zikitangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali kuwa kumbukumbu za taifa, na Makumbusho ya Taifa ikafungua ofisi Kilifi ya kuhifadhi misitu hiyo. Wazee wa kaya walioomba mvua kwa Mulungu asubuhi huenda mchana wakawa ofisi ya ardhi, wakidai jiwe la mpaka lirudishwe lilipokuwa.