Majilio yanakaribia: mambo ya kuweka sawa kabla Bwana hajarudi

Kila mwaka Majilio, majuma ya kujiandaa kwa Krismasi, yanapokaribia, wachungaji wa Dodoma na vijiji vyake hupokea maswali yale yale, na safari hii yamezidi. Chanzo kinajulikana. Septemba 2025 ulisambaa kwenye simu ujumbe kwamba unyakuo, yaani Kristo kuja kuwachukua walio wake, ungetokea tarehe 23 au 24 ya mwezi huo. Siku zikapita. Tarehe ikasogezwa hadi Oktoba, nayo ikapita. Waliobaki na mashaka ni washarika wetu. Nibatizwe tena? Nilipe deni la kikoba au niliache, maana mwisho umefika? Nilime mwaka huu au nisilime? Idara ya Elimu ya Kikristo imeona ni vema kuyajibu kwa pamoja. Taratibu zinazoelezwa hapa ni za jumla, na baadhi hutofautiana kidogo kati ya kanisa na kanisa, kwa hiyo mchungaji wako ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu usharika wako.

Kuhusu tarehe tutasema kwa kifupi, kwa sababu Bwana mwenyewe alisema kwa kifupi: "Walakini habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika walio mbinguni, wala Mwana, ila Baba peke yake" (Mathayo 24:36). Huko Marekani wafuasi wa mhubiri William Miller walimngoja Bwana Oktoba 22, 1844, na baadhi yao waliacha mazao shambani bila kuvuna. Mwaka 2011 mhubiri Harold Camping alitangaza redioni Mei 21, akasogeza hadi Oktoba 21, na mwaka uliofuata akakiri kwamba kutangaza tarehe ilikuwa dhambi. Waliokuwa wametumia akiba zao kueneza tangazo lile hawakurudishiwa. Anayekuletea tarehe nyingine leo, hata kama ni rafiki na ana nia njema, amejitwika kazi ambayo malaika hawakupewa. Tunaomba swali hili lisiletwe tena kwenye vipindi vya maswali, maana linakula muda wa mambo ambayo tunaweza kweli kuyatengeneza.

Vivyo hivyo kwa chapa ya mnyama. Ufunuo 13 unazungumzia ibada, yaani nani anasujudiwa. Wapo wanaodhani chapa hiyo ni Kitambulisho cha Taifa; hakihusiki. Msharika aliyekataa kujiandikisha kwa hofu hiyo aende akajiandikishe.

Sasa taa. Wanawali kumi wa Mathayo 25, waliotoka kumlaki bwana arusi, wote walialikwa, wote walikuwa na taa, na tukumbuke kwamba wote kumi walisinzia wakalala. Kosa la wale watano halikuwa usingizi. Walitoka bila mafuta ya akiba. Aliyekua na koroboi anajua vizuri jambo lenyewe lilivyo. Mafuta yakiisha, taa haizimiki papo hapo. Utambi huanza kujiunguza wenyewe, mwali unakuwa mwekundu, moshi unapanda, chumba kinanuka. Kwa dakika chache mtu wa nje akitazama dirishani ataona bado kuna mwanga. Na hata ukimimina mafuta baada ya hapo, kichwa cha utambi kimeshakuwa mkaa, lazima ukikate ndipo ushike vizuri. Ndivyo anavyokuwa Mkristo anayeimba kwaya, anatoa ahadi, anaketi kiti cha mbele, na miezi sita hajaomba akiwa peke yake wala kufungua Neno nyumbani kwake. Mwanga upo, lakini kinachoungua ni yeye mwenyewe. Wenye busara, walipoombwa mafuta, waliwajibu wenzao, "Hayatatutosha sisi na ninyi." Mume hawezi kungoja kwa mafuta ya mke aliye kwenye umoja wa wanawake, na mtoto wa mwinjilisti hana cha kurithi hapo.

Kwa anayeanza upya tunashauri kiasi kidogo kisichokatika: sura moja ya Injili kila siku, maombi ya dakika kumi asubuhi kabla simu haijashikwa, na ibada ya nyumbani mara mbili kwa wiki ambapo watoto nao wanasoma. Injili ya Marko ina sura 16, kwa hiyo mtu huimaliza ndani ya Majilio na siku zinabaki. Wengi huanza na mkesha wa usiku kucha, siku ya nne wamechoka, na ya tano wameacha.

Nilime au nisilime? Lima. Majilio huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na Novemba 30, na kwetu huku huo ndio wakati wa kusafisha mashamba na kutazama mawingu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na katikati, hasa Februari, hukatika. Aliyechelewa kupanda uwele na mtama kwa sababu ya mahubiri ya tarehe, ukame wa Februari unamkuta mmea ungali mchanga, na njaa yake haitabebwa na mhubiri. Kanisa la Thesalonike lilikuwa na watu wa namna hii, na Paulo hakuwabembeleza: "ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, asile chakula" (2 Wathesalonike 3:10). Mtumwa aliyeitwa heri ni yule ambaye bwana wake atamkuta kazini, akiwapa watu wa nyumbani chakula kwa wakati wake.

Sehemu inayohitaji maelezo marefu ni suluhu na marejesho, kwa kuwa huko ndiko tunakoona watu wakikwama. Wengi wanataka kutubu kwa Mungu jambo walilomkosea jirani, na jirani mwenyewe hana habari. Mathayo 5:23-24 unaagiza uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane. Na Mathayo 18:15-17 unaweka ngazi tatu. Kwanza ninyi wawili peke yenu. Ikishindikana, pamoja na mtu mmoja au wawili. Ikishindikana tena, kanisa. Kinachoharibika kila mara ni kwamba watu huanzia ngazi ya tatu, au huanzia kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, ambalo si ngazi yoyote. Mtu akishaanikwa mbele ya watu themanini, hata akiwa na kosa kweli, atajitetea tu.

Tuchukue mpaka wa shamba. Minyaa hushika kwa kipande tu. Mtu akichomeka safu yake hatua tatu ndani ya shamba la mjane aliye jirani, baada ya misimu michache safu ile inaonekana kama ilikuwapo tangu zama za babu, na watoto wake watakua wakiapa hivyo. Kumbukumbu la Torati 27:17 linamtaja mtu huyo kwa laana. Toba yake inafanyika shambani, hivi: anamwendea jirani na kukiri, wanakubaliana siku, wanaitwa majirani wanaopakana pande zote, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kitongoji, au wa mtaa kwa walio mjini, safu inang'olewa na kurudishwa mahali pake, makubaliano yanaandikwa nakala tatu na kutiwa saini. Kama amevuna kwenye kipande kile, Walawi 6:5 unaagiza arudishe chenyewe na kuongeza sehemu ya tano: magunia 10 ya alizeti yanarudi 12. Kwa ng'ombe aliyeibwa akachinjwa au akauzwa, Kutoka 22:1 unasema watano kwa mmoja. Zakayo mtoza ushuru aliahidi mara nne, lakini hiyo ilikuwa furaha yake mwenyewe, baraza la wazee halimpangii mtu. Baraza halitozi faini wala halichukui sehemu ya marejesho. Ukidaiwa pesa na mtu yeyote kwa jina la baraza, mpe mchungaji taarifa.

Madeni yanafuata njia hiyo hiyo. Kudhani kwamba kurudi kwa Bwana kunafuta deni la kikoba ni kumfanya Bwana mshiriki wa dhuluma. Asiye na uwezo wa kulipa lote aende kwa mweka hazina kabla ya tarehe ya marejesho, si baada yake, akiwa na kiasi kidogo mkononi na ratiba ya maandishi ya kiasi kilichobaki. Na ieleweke kwamba toba haifuti kesi. Jambo likiwa jinai, mchungaji atakuombea na kukusindikiza, lakini hawezi kukuombea lifutwe polisi.

Walio chini ya marudi, yaani adhabu ya kanisa, na wanaotaka kurudi kundini kabla ya Krismasi waanze sasa. Hatua ni hizi: kumwona mzee wa kanisa wa eneo lako, kuonana na mchungaji, ukiwa na ushahidi kwamba kosa lenyewe limeachwa au limerekebishwa, jina kupelekwa kwenye baraza la wazee, mafundisho, ndipo kupokelewa mbele ya usharika na kurudi kwenye Meza ya Bwana. Baraza haliketi kila siku. Anayekuja Desemba 23 akitaka kushiriki tarehe 25 atajibiwa hapana, na tunaomba asichukulie kwamba amekataliwa na Mungu.

Wanaoishi pamoja bila ndoa nao huja kwa kasi kila uvumi unapovuma, wakitaka kufungishwa wiki hiyo hiyo. Haiwezekani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya kusudio angalau siku 21 kabla, na matangazo husomwa kanisani ili mwenye pingamizi apate nafasi ya kusema. Pingamizi likija, ndoa inasimama hadi lisikilizwe. Waliofunga ndoa ya kimila tayari ni mume na mke. Wanachoomba ni kubarikiwa, na wamwambie mchungaji hivyo tangu mwanzo ili wasipotezewe muda.

Ubatizo haurudiwi. Aliyebatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, amebatizwa, hata kama alikuwa mtoto mchanga na hakumbuki. Asiyebatizwa aandikishwe darasani. Kwa mgonjwa mahututi asiyeweza kumngoja mchungaji, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza kwa maji na maneno hayo hayo, kisha apeleke haraka jina, tarehe, mahali na majina ya mashahidi ili yaandikwe kwenye daftari la ubatizo. Akipona, habatizwi mara ya pili.

Kwa viongozi wa vikundi vya maombi: atakayetangaza tarehe ya kurudi kwa Kristo atakanywa kwa faragha; akirudia atasimamishwa kuongoza; akiendelea suala lake litakwenda baraza la wazee. Aidha, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamhusu anayesambaza taarifa anayojua ni ya uongo kwa lengo la kupotosha umma: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Hatusemi kwamba kila aliyetuma ujumbe amevunja sheria. Tunasema usitume.

Jambo la mwisho linatuumiza moyo. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wengi wakiwamo, ya watu wanaoaminika kujinyima chakula ili wakutane na Yesu. Nani ana hatia ni kazi ya mahakama. Kazi yetu ni kusema kwamba Yesu hakumwagiza mtu yeyote afe njaa ili amwone. Kufunga ni kwa mtu mzima mwenye afya, kwa muda unaojulikana, huku akinywa maji. Mtoto hafungi. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari na mwenye vidonda vya tumbo hawafungi bila kumwona mganga wa zahanati. Dawa za kufubaza virusi, za kifua kikuu, za presha na sukari hazikatizwi kwa unabii wa mtu yeyote. Ukiona familia imefungiwa ndani, watoto wameachishwa shule au mgonjwa amenyang'anywa dawa kwa jina la unyakuo, piga 112 kwa polisi, au 116 kwa ajili ya mtoto, kisha mwambie mchungaji. Usianze na mchungaji.

Wanaotaka suluhu kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio wafike kwa mzee wa kanisa wa eneo lao, na ikiwezekana waje wote wawili. Asiyeweza kumleta mwenzake aje peke yake. Mzee wa kanisa atakwenda naye hadi mlangoni.